Kwa wanaoanza mwaka wa kwanza wa sheria: vyanzo vya sheria vya Uingereza

Wadogo zangu, orodha ya vyanzo (sheria za Bunge, maamuzi ya mahakama, ekwiti yaani kanuni za haki za kulainisha ukali wa sheria, mila) mtaikariri jioni moja. Mtihani hauulizi orodha. Unauliza vyanzo viwili vikigongana, kipi kinashinda.

Sisi tumezoea Katiba iliyo juu ya kila sheria. Uingereza haina Katiba ya waraka mmoja, na Bunge ndilo lenye kauli ya mwisho. Hata kwa Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998, jaji hutamka tu kwamba kifungu cha sheria ya Bunge hakipatani na haki hizo. Kifungu kinabaki hai mpaka Bunge lenyewe likibadili. Someni shauri la Burmah Oil. Mwaka 1942 jeshi la Uingereza liliharibu mitambo ya mafuta ya kampuni hiyo huko Burma isije ikaangukia mikononi mwa Wajapani. Kampuni ikadai fidia na ikashinda kwenye Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa wakati huo. Mwaka 1965 Bunge likatunga sheria iliyorudi nyuma na kuifuta haki hiyo. Naiona ni dhuluma, lakini hakuna shauri linaloonyesha nguvu ya Bunge waziwazi kuliko hilo.

Kwenye maamuzi ya mahakama, kazi ngumu ni kuipata ratio decidendi, ile sababu inayofunga mahakama za chini, na kuitenga na obiter, yaani mengine aliyoyasema jaji njiani. Chukua Donoghue dhidi ya Stevenson, 1932. Bibi Donoghue alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake mgahawani Paisley, Scotland. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi. Alidai kwamba ndani mlitoka mabaki ya konokono yaliyooza. Hakuinunua yeye, hivyo hakuwa na mkataba na mtu. Malodi wakaamua, watatu kwa wawili, kwamba mtengenezaji wa bidhaa inayomfikia mlaji bila nafasi ya kukaguliwa njiani ana wajibu wa uangalifu kwake. Maneno mashuhuri ya Lord Atkin, mmoja wa Malodi hao, kuhusu jirani (kwamba ujihadhari usimdhuru yeyote anayeweza kuguswa na matendo yako) ni mapana kuliko ratio hiyo, na wengi huyanakili wakidhani wamemaliza. Angalieni pia kwamba konokono hakuthibitishwa kamwe: Malodi waliamua hoja ya sheria tu, wakichukulia madai kuwa kweli.

Ekwiti ni fupi: ikigongana na komoni loo (sheria iliyojengwa na maamuzi ya mahakama), ekwiti inashinda, tangu uamuzi wa Mfalme James wa Kwanza mwaka 1616.

Kwa mnaosoma Tanzania, wekeni tarehe moja pembeni ya daftari: 22 Julai 1920. Komoni loo na ekwiti tulizopokea ni za kufikia siku hiyo. Hukumu za Uingereza za baadaye, Donoghue ikiwemo, zinashawishi mahakama zetu bila kuzifunga. Kwa hiyo mkiitaja kwenye jibu, tafuteni na uamuzi wa Mahakama ya Rufani yetu ulioifuata, muutangulize huo.