Kilo ya Mchele Si Lita ya Mchele

Sina mizani nyumbani, na mapishi niliyoandikiwa yanataka gramu 600 za mchele. Nifanyeje? (Msomaji, Jinja)

Tafuta chupa tupu ya maji ya nusu lita, hakikisha ni kavu kabisa. Mchele unaoijaza ni gramu 400 hivi. Chupa moja na nusu, umepata 600 zako. Lita ya maji ni kilo, lakini lita ya mchele haifiki, kwa sababu kati ya punje na punje kuna hewa. Kwa hiyo mililita zidisha kwa 0.8 upate gramu. Punje fupi nene hujipanga kwa kubanana, basmati huacha nafasi zaidi, ila tofauti hiyo haiharibu sufuria.

Kila mtu ananiambia "maji mara mbili". Nilipika kilo moja kwa lita mbili, wali ukatoka na kiini. Kosa langu ni lipi? (Mbale)

Hukukosea kupika, dada, ulichanganya vipimo viwili. "Mara mbili" ni hesabu ya kikombe kwa kikombe. Kilo ya mchele inajaza lita moja na robo, na mara mbili yake ni lita mbili na nusu. Ulipungukiwa nusu lita nzima, yaani tumpeco moja, kile kikombe kikubwa cha sokoni!

Swali hili naletewa kuliko yote, na linaniuma kuona watu wakilaumu mchele wetu bure. Ukitaka kupimia kwa mizani, kumbuka maji mara mbili na nusu ya uzito. Kisha tazama mchele wenyewe. Ule wa Butaleja, wilaya ya mpunga mashariki mwa Uganda, uliovunwa juzi bado una unyevu wake, punguza maji kidogo. Uliokaa ghalani muda mrefu unakunywa zaidi. Na ukipikia shughuli, kilo tano au kumi kwa sufuria moja, usizidishe maji kwa hesabu ileile: sufuria kubwa iliyofunikwa vizuri haipotezi mvuke mwingi kulingana na mchele wake. Anza na pungufu, weka maji ya moto pembeni, ongeza ukiona haja.

Nipime kabla ya kuosha au baada? (Arua)

Kabla. Mchele uliooshwa umebeba maji, na ulioloweshwa umeyanywa, hivyo uzito wake hauna maana tena.

Mapishi ya mtandaoni yanasema "kikombe". Kikombe kipi? (Kampala)

Cha Wamarekani ni mililita 240 hivi, yaani gramu 190 za mchele. Mahali pengine hutumia cha 250, gramu 200. Kile kidogo kinachokuja na jiko la umeme la kupikia wali ni mililita 180 tu, kama gramu 150, na mistari ya maji ndani ya jiko imechorwa kwa kikombe hicho. Ukipoteza kikombe chake, usikisie kwa kikombe cha chai.

Muuza mchele wa sokoni anapima kwa tumpeco, dukani wanapima kwa kilo. Wapi nafuu? (Kisenyi)

Tumpeco ya nusu lita iliyopigwa mfuto, yaani iliyosawazishwa juu, ni gramu 400, kwa hiyo mbili na nusu ndizo kilo. Zidisha bei yake kwa mbili na nusu, linganisha na ya dukani. Wazee walitofautisha kibaba cha tele na kibaba cha mfuto, na tofauti hiyo ni pesa yako: akikujazia kilima juu, unapata zaidi. Lakini tazama ndani ya kikombe kwanza, maana kuna vilivyopondwa chini. Dukani nako, angalia kama mizani ina stika ya mwaka huu ya UNBS, shirika la viwango la Uganda.

Nimenunua gunia la kilo 25. Litaingia kwenye ndoo ya lita 20? (Busia)

Haliingii, mama. Kilo 25 zinataka nafasi ya lita 31 hivi, na ndoo yako inabeba kama kilo 16. Tafuta ndoo mbili zenye vifuniko, uzikaushe juani kabla ya kumimina.