Fundi wa Matoroli wa Placerville

Swali la wiki iliyopita lilikuwa: "Ni fundi gani wa zamani ungependa kukaa naye karakanani siku nzima?" Mimi namchagua John Mohler Studebaker, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1833 huko Pennsylvania, mtoto wa fundi wa magari ya farasi.

Mwaka 1852 kaka zake, Henry na Clement, walifungua karakana ya uhunzi mjini South Bend, Indiana, kwa mtaji wa dola 68. Mwaka mzima wakatoa magari mawili tu. John alitaka dhahabu ya California. Nauli hana, akaunda gari kwa mikono yake, akaupa msafara uliokuwa unaelekea huko ili wambebe na kumlisha njiani. Alifika Placerville, mji wa wachimba dhahabu huko California, mwaka 1853 akiwa na senti 50 mfukoni.

Hapo ndipo ninapompendea. Alipewa kazi ya kuwatengenezea wachimbaji matoroli, akaikubali. Wenzake wanakimbilia mtoni na makarai, yeye yuko na msumeno na randa. Uzeeni alisimulia mwenyewe kwamba toroli lake la kwanza lilimchukua siku mbili na gurudumu likatoka limepinda, bosi akamuuliza hicho ni kitu gani.

Mimi nachomelea matoroli, kwa hiyo hayo nayajua. Langu la kwanza lilirudi siku hiyohiyo. Ekseli niliifunga upande mmoja uko juu kidogo. Likiwa tupu linakwenda vizuri, ukilijaza kokoto linavuta kushoto. Fundi mwashi aliyelinunua hakugomba. Alilisukuma mbele yangu hatua kumi, akaniacha nitazame mstari uliobaki kwenye vumbi.

John alikaa kwenye kazi hiyo miaka mitano, akaweka akiba ya dola 8,000. Mwaka 1858 alirudi nyumbani akanunua sehemu ya Henry. Henry alikuwa mtu wa dini, wa kanisa linalokataa vita, na karakana ilikuwa imeshaanza kuunda magari ya jeshi. Namheshimu Henry kwa hilo, ingawa hela ya matoroli ndiyo iliyoikuza karakana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, oda za jeshi zilimiminika. Baadaye moto uliwaunguzia kiwanda mara mbili, 1872 na 1874, wakajenga tena, na wakaja kuwa miongoni mwa waundaji wakubwa kabisa wa magari ya farasi duniani. Magari ya umeme walianza 1902, ya petroli 1904. John alikufa mwaka 1917, ameshayaona yote hayo.

Lakini siku yangu moja nisingeipoteza kwa habari za kiwanda. Ningemwomba anionyeshe gurudumu la mbao linavyovishwa pete ya chuma: pete inapashwa moto mpaka itanuke, inapachikwa ingali nyekundu, mbao zinatoa moshi, halafu maji yanamwagwa haraka, chuma kinasinyaa na kubana kila kiungo. Halafu ningemkabidhi toroli langu la sasa, lenye tairi la upepo, nilijaze kokoto, alisukume hatua kumi. Tungeinama wote wawili kutazama mstari.