Poka: una kopa nne na umereiziwa, ukoli au ufoldi?

Mkuu, umesema kwenye poka una ree na tano za kopa mkononi, flopu (karata tatu za kwanza za mezani) imeshuka mfalme wa kopa, nane ya kopa na tatu ya shupaza, poti (hela ya kugombania katikati) ina 20,000, ukabeti 10,000 jamaa akareizi, yani akapandisha mpaka 40,000, na unataka kukoli (kulipa nyongeza ubaki mchezoni) badala ya kufoldi (kutupa karata) kwa sababu una "asilimia 35" ya kupata kopa ya tano ukamilishe flashi, yani karata tano za aina moja. Aisee hiyo 35 imenilia hela kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye meza moja.

Iko hivi. Kopa ziko 13, umeshaziona 4, zimebaki 9 kwenye karata 47 usizoziona. 35 ni ya kuona tani (karata ya nne ya mezani) na riva (ya tano, ya mwisho) zote mbili, ila hizo 30,000 unazoongeza zinakununulia tani tu, na tani peke yake ni 9 kwa 47, yani asilimia 19, kama mara moja katika tano. Unaweka elfu 30 kugombania elfu 70 (20 za poti, 10 ulizobeti, 40 zake), unatakiwa ushinde mara tatu katika kumi ndo angalau usipate hasara.

Mimi nilishayaona haya kwenye kasino moja hapa mjini, kuna mzee mpole anakunywa zake chai ya tangawizi, masaa mawili hajareizi hata mara moja, siku hiyo akanireizi nami nikajisemea nina 35 nikakoli, tani ikaja pau ya ovyo, mzee hata hakuniangalia akasukuma chipsi zote katikati (sio za mayai jamani) na mimi nikafoldi kama mjinga. Nimelipia karata mbili nimepewa moja!

Sasa kama aliyekureizi ndo kamaliza hela yake yote hapo, hakuna mtu wa kukudai tena kwenye tani, 35 yako ni halali, koli na wala usiwaze. Ila kama bado ana mzigo mbele yake, jiulize ukipata kopa atakulipa? Kwa hesabu yako anatakiwa akuongezee kama 57,000 huko mbele ndo hiyo koli ilipe. Kijana asiyejua kufoldi atakupa, hata laki atakupa. Yule mzee wa tangawizi akiona kopa ya tatu mezani anafunga duka, na akishindwa kufunga ujue ana nane mbili mkononi, halafu kopa unayoisubiri ikiwa ni ile 3 unampa fulu hausi (nane tatu na tatu mbili) inayoipiga flashi yako, kwa hiyo hata hizo 9 zako ni 8.

Kingine hujasema nani anaanza kuongea. Ukianza wewe, ukipata kopa ukicheki (ukipitisha bila kubeti) naye anacheki, ukibeti anakimbia, hizo 57,000 utazitoa wapi? Hapo mimi nafoldi. Nikiwa naongea wa mwisho na jamaa ni wa kukolikoli tu, naingia.

Ana hela kiasi gani mbele yake huyo jamaa?