Kona ya bawa na bodi ya ndege

SWALI: Kwenye picha za DC-3, ndege ya abiria ya zamani yenye mabawa ya chini, naona bati lililopinda pale bawa linapokutana na bodi, nalo huzidi kupanuka kuelekea nyuma. Kwenye ndege ndogo ya Cessna Caravan silioni. Lina kazi gani? Ninaunda modeli ya rimoti yenye mabawa ya chini, bawa lina sentimita 25 toka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Niliweke? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Liweke, ila liwe dogo mbele, kubwa nyuma.

Hewa ikishapita sehemu nene ya bawa hupunguza kasi na mgandamizo wake hupanda. Tabaka linalogusa bawa limeshachoshwa na msuguano, na linalogusa bodi vilevile. Yote mawili hukutana konani, palepale ambapo bodi inaanza kusinyaa na nafasi kupanuka. Hewa hiyo dhaifu haiwezi kuijaza. Inabanduka na kuzunguka ovyo. Ukinzani unapanda, na mkia ukiwa ndani ya msukosuko huo hutikisika, hasa ndege ikienda polepole pua ikiwa juu. Caravan ina mabawa ya juu: kona iko chini ya bawa, ambako hewa haipunguzi kasi kwa ukali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wataalamu wa Caltech, Marekani, wakiongozwa na Theodore von Kármán, waliipima kona hii kwenye handaki la upepo (njia ya kupulizia modeli hewa ili kuipima), na DC-1 ya mwaka 1933, mtangulizi wa DC-3, ilinufaika na kazi yao.

Kwako, anza na ufa kati ya bawa na bodi. Hewa ya chini ya bawa ina mgandamizo mkubwa. Ikivuja kupitia kiungo huharibu kila kitu juu, hata kona iwe nzuri vipi. Ziba kwa sponji nyembamba. Kisha funika bawa kwa nailoni ili gundi ishike bodi tu na bawa liweze kutolewa, jaza kona kwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga mwepesi wa kujazia. Mbele nusukipenyo cha mpindo cha milimita 5 kinatosha. Kwenye ukingo wa nyuma kifike sentimita 2, kisha kijazo kiendelee nyuma yake sentimita 4 hivi kikififia kwenye bodi. Wengi hukikata palepale ukingoni, na hewa hubanduka hapohapo. Usizidishe pia: eneo zaidi ni msuguano zaidi, na uzito wa nyuma huvuruga mizani.

Kupima, bandika nyuzi za sufi za sentimita 3 kwenye nusu ya nyuma ya bawa karibu na bodi, funga kamera ndogo mkiani, uruke polepole. Uzi ukilala kuelekea nyuma, hewa imeshika. Ukigeuka mbele, ongeza nusukipenyo cha nyuma kwa milimita 5, upime tena.