Mpangilio wa nyumbani hauguswi: niliyojifunza nikibeba laptopu kati ya Moshi na Arusha

Jioni moja nilirudi Moshi kutoka Arusha, nikachomeka laptopu kwenye redio yangu ya ridhaa, nikafungua WSJT-X, programu ya kutuma na kusoma ujumbe wa kidijitali kwa redio, na dirisha la kushoto likabaki tupu. Bendi ya mita 10 ilikuwa imefunguka, yaani mawimbi yake yalikuwa yanafika mbali. Kwenye spika ya redio nilisikia mlio wa FT8, mfumo wa ujumbe mfupi wa kidijitali, pale MHz 28.074, umejaa kama nyuki mzingani. Programu haikusoma hata kituo kimoja.

Siku mbili kabla, nikiwa Njiro, Arusha, kwa rafiki, nilibadilisha kila kitu ili kompyuta ielewane na redio yake: aina ya redio, porti, spidi ya porti, kadi ya sauti, namna ya kurusha. Nilibadilisha juu ya mpangilio wangu wa nyumbani, ule mmoja tu niliokuwa nao, na vipimo vyake vya zamani sikuwa nimeviandika popote. Nilipomaliza kuvitafuta upya ilikuwa saa nne usiku, na mita 10 ilishafunga.

Tangu hapo mpangilio wa nyumbani siugusi. Kazi mpya, redio mpya, mahali papya: kila kimoja kina mpangilio wake.

Kwa ambao ndiyo wanaingia kwenye redio za ridhaa, FT8 ilitolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke. Zamu moja ni sekunde 15, ujumbe wenyewe unachukua sekunde 12.64, upana wake ni Hz 50 tu, na programu inaweza kusoma ishara iliyozama desibeli 20 chini ya kelele. Lakini inafika huko pale tu ambapo sauti, saa, porti na redio vimekaa sawa kwa pamoja. Mpangilio ambao tayari umekaa sawa umekugharimu majioni mengi. Ni mali, utunze.

WSJT-X yenyewe imeshatuandalia njia. Juu ya dirisha, kati ya menyu, kuna moja ya konfigaresheni. Mwanzoni ina jina moja tu, lile la kiwandani. Ukilibofya utaona amri ya kunakili. Nakili, kisha ipe nakala jina linaloeleweka hata baada ya miezi sita. Yangu yanaitwa Moshi Nyumbani, Arusha Njiro, Betri Porini na WSPR Usiku (WSPR ni mfumo wa kupima ishara dhaifu zinafika wapi). Jina kama "Jaribio 2" halitakusaidia. Hamia kwenye nakala, na hapo badilisha unachotaka. Angalia vizuri amri mbili zilizo kwenye menyu hiyo hiyo: ya kunakili juu ya mpangilio uliopo, na ya kurudisha hali ya kiwandani. Zote mbili zinafuta kilichokuwepo. Usizibofye ukiwa umechoka.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kila mpangilio unabeba karibu kila kitu: alama yako ya wito (jina la kituo chako hewani), gridi (herufi na namba za eneo uliko), redio, sauti, orodha ya masafa, hata ukubwa wa dirisha. Kwa hiyo ukirekebisha kitu kwenye mmoja, mingine haipati habari. Niliwahi kurekebisha orodha ya masafa kwenye Moshi Nyumbani nikidhani nimemaliza, kumbe Betri Porini bado ilikuwa na ya zamani. Anza na mpangilio mmoja safi: alama ya wito sahihi, kanda ya IARU, umoja wa kimataifa wa redio za ridhaa, iwe ya 1 kwa sababu ndiyo ya Afrika na Ulaya, masafa yamehakikiwa. Huo ndio uwe mama wa nakala zote.

Tukiwa kwenye gridi: Moshi na Arusha, pamoja na kilomita 80 zilizo kati yao, zote zimo ndani ya KI86. Ndiyo maana sisi wa huku kaskazini tunajisahau. Unaenda na kurudi kupitia Boma Ng'ombe na Usa River mwaka mzima bila kubadilisha herufi. Kisha unateremka Tanga, ambako ni KI94, au Dar es Salaam, KI93, unafungua programu na kuita CQ (wito kwa kituo chochote), na dunia nzima inaandika kwenye madaftari yao kwamba umesikika kutoka KI86. Kwenye WSPR ni nzito zaidi, kwa sababu ujumbe wenyewe ni alama ya wito, gridi na nguvu kwa dBm, kipimo cha nguvu ya kurusha. Ukiwa na miliwati 200 ni 23, ukiwa na wati 5 ni 37. Ukipunguza nguvu kwa sababu betri imechoka na ukaacha 37, unawapa watu kipimo cha uongo, na kuna watu wanatumia ripoti hizo kuchunguza anga. Mimi nina mpangilio wa WSPR wa kila kiwango cha nguvu ninachotumia, na naona ni haki kufanya hivyo.

Vilevile rafiki akikaa kwenye kiti chako kurusha kwa alama yake mwenyewe, mtengenezee mpangilio wake. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ina jina lako, na kinachotoka hewani kwa alama yako unakijibu wewe.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonitesa kuliko zote: yale ambayo hayamo kwenye mpangilio. Unaweza kuwa na nakala nzuri kabisa na bado ukakwama. Kiwango cha sauti cha Windows hakimo, kinakaa Windows kwenyewe. Waya wa USB ukiuchomeka tundu jingine, Windows inaweza kuipa kadi ile ile jina jipya lenye namba, ikarudisha sauti juu kabisa, na ikaipa porti ya COM namba nyingine. Programu inatafuta jina la zamani, haioni kitu. Dawa niliyopata ni ndogo: nimebandika utepe mwekundu kwenye tundu la redio ya nyumbani na wa bluu kwenye tundu la safari, na sichanganyi. Na ndani ya kifuniko cha daftari langu nimeandika kwa kalamu, kwa kila kituo: kiwango cha sauti ya kuingia kinacholeta karibu dB 30 kwenye kipimo cha programu wakati hakuna ishara kali, na kiwango cha kutoka ambacho ALC ya redio (kinga ya sauti iliyozidi) haishtuki. Vitufe vya redio yenyewe navyo viandike. Na saa ya kompyuta pia haimo. Ukiona safu ya DT (tofauti ya muda) imeegemea upande mmoja kwa vituo vyote, saa yako ndiyo imepotea.

Wenye redio mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, njia ni nyingine. Menyu ile inatumia mpangilio mmoja kwa wakati. Nakili njia ya mkato ya programu, na mwishoni mwa amri yake ongeza --rig-name= na jina la redio. Hapo unapata programu ya pili yenye faili lake na folda yake. Kumbuka tu kwamba daftari la mawasiliano nalo linakuwa la pili, ilhali mipangilio ya kwenye menyu yote huandika kwenye wsjtx_log.adi moja. Mwisho wa mwezi itabidi uyaunganishe.

Bado nakala ya nje. Mipangilio yote, hata ikiwa kumi, imo ndani ya faili moja linaloitwa WSJT-X.ini. Kwenye Windows, fungua menyu ya faili na uchague kufungua folda ya logi, utalikuta humo pamoja na daftari lako la mawasiliano. Funga programu kwanza, ndipo unakili. Ukirudisha faili la zamani wakati programu iko wazi, itakapofungwa itaandika juu yake na utakuwa umefanya kazi bure. Kuna mambo ambayo programu huyaandika pale tu inapofungwa vizuri, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla katikati ya jioni hupotea. Mimi nikimaliza kurekebisha kitu cha maana, nafunga, nafungua tena, nahakikisha kimebaki, nafunga, ndipo nanakili kwenye flashi. Faili linapata tarehe kwenye jina. La zamani silifuti mpaka nimefanya mawasiliano matatu kwa lile jipya.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Njiro tena. Nilichomeka waya kwenye tundu la utepe wa bluu, nikachagua Arusha Njiro kwenye menyu, nikasoma daftari, nikashusha sauti mistari miwili. Zamu iliyofuata, dirisha la kushoto lilijaa.