Baba Mdogo, nilichokisikia Voronezh kuhusu vita ni hiki

Baba Mdogo, shikamoo. Sauti uliyotuma kwenye kundi la ukoo nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza kwenye tramu nikitoka zamu ya usiku, ya pili nimekaa kitandani na viatu bado viko miguuni. Umesema pale kwenye kahawa Ujiji mmegawanyika kuhusu vita vya Urusi na Ukraine. Wengine wanasema Urusi imeshashinda, kilichobaki ni kutia sahihi. Wengine wanasema imekwama, na wananchi wake wenyewe watamwondoa Putin. Ukamalizia, "Mwanangu amekaa kule miaka sita, atatuambia ukweli." Chini yako Shangazi akaandika kwamba binti yake ameona tangazo la kazi Urusi, nauli wanalipa wao, je, aende? Nitawajibu wote wawili hapahapa, kwa sababu jibu la Shangazi limo ndani ya jibu lako.

Kwa wale ambao hatujaonana siku nyingi: nilisoma udaktari Voronezh kuanzia 2017 hadi 2023. Sasa niko Leipzig, Ujerumani, nasubiri shahada yangu itambuliwe, na kwa sasa ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee. Najua huko nyumbani mnasema "daktari wetu yuko Ulaya". Kazi yangu ya kila siku ni kubadilisha shuka, kuogesha wazee na kuwalisha. Mshahara ukishakatwa kodi na bima, nikalipa na chumba, kinachobaki ndicho ninachotuma, na ipo miezi ambayo hakibaki kitu. Nimelisema hili kwanza mjue kwamba sina ninachokipamba.

Voronezh ni mji mkubwa kusini mwa Urusi, si mbali na mpaka wa Ukraine. Majeshi ya Urusi yalipovuka mpaka kuingia Ukraine Februari 24, 2022, uwanja wa ndege wa mji ulifungwa siku hiyohiyo, na mpaka naondoka ulikuwa bado umefungwa. Mlioko Kigoma mlikuwa mnaona picha za vifaru. Mimi nilichokiona ni ukimya. Darasani profesa aliingia, akafundisha figo, akatoka. Kwenye televisheni iliitwa operesheni maalumu ya kijeshi, na haikupita hata wiki mbili sheria ikatungwa: ukieneza kile wanachokiita habari za uongo kuhusu jeshi, kifungo kinaweza kufika miaka 15. Watu walidhani ni vitisho tu mpaka diwani mmoja wa Moscow, Alexei Gorinov, alipofungwa miaka saba Julai 2022 kwa maneno aliyoyasema kwenye kikao cha baraza la madiwani. Maneno tu, Baba Mdogo. Hakurusha hata jiwe.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Alikuwa mwema kwangu kuliko nilivyostahili. Nikichelewa maktaba nilikuta supu imefunikwa na sahani. Alikuwa na mjukuu wa miaka 27, fundi wa magari, aliyemlea tangu mdogo. Septemba 21, 2022 Putin akatangaza kuwaita jeshini watu 300,000. Wiki ileile vijana niliokuwa nasoma nao wakaanza kupotea, mmoja Georgia, mmoja Kazakhstan, na mwingine hakuaga. Mjukuu wa bibi alipokea hati yake akiwa gereji. Hakukimbia. Alisema wakikimbia wote itakuwaje, akaenda.

Jioni moja ya Oktoba simu ya mezani ikaita. Walikuwa watu wa utafiti wa maoni. Nilikuwa jikoni nakatakata kabichi, nikamsikia bibi akijibu kwa sauti ya mtu aliyesimama mbele ya hakimu: "Ndiyo, naunga mkono. Ndiyo, kabisa." Akaweka simu, akaja jikoni, akaketi, akaniomba nimpime presha. Ilikuwa 180 kwa 100. Nikampa dawa yake. Baada ya muda akafungulia redio sauti ya juu, akaniinamia, akasema, "Mungu awajalie waketi wazungumze, hata kesho asubuhi."

Kwa hiyo mtu akikuonyesha takwimu kwamba Warusi zaidi ya saba katika kumi wanaunga mkono jeshi lao, usimwite mwongo. Taasisi ya utafiti wa maoni ya Levada, ambayo serikali yao yenyewe imeibandika jina la wakala wa kigeni, imekuwa ikipata idadi kama hiyo tangu mwanzo. Lakini taasisi hiyohiyo, Oktoba hiyohiyo ya 2022, ilikuta asilimia 57 wanataka mazungumzo ya amani, na asilimia 36 wanataka mapigano yaendelee. Agosti 2025 waliotaka mazungumzo wakafika asilimia 66. Watu wanauliza mtu anawezaje kuunga mkono jeshi na papo hapo kutaka vita viishe. Mimi nimekaa nyumba moja na mtu wa namna hiyo. Hebu fikiria mjumbe wa nyumba kumi anakuja na daftari, anaandika jina lako kwanza, halafu anakuuliza kama unampenda mwenyekiti. Utamjibu nini? Na ukishamjibu, je, moyo wako umebadilika?

Sasa hapa ndipo penye ugumu, na hapa naomba pale kwenye kahawa wanisikilize vizuri. Novemba 2022 jeshi la Urusi liliondoka Kherson, mji wa Ukraine ambao wiki sita tu nyuma Putin alikuwa ametia sahihi kwamba ni wa Urusi milele. Kabla ya hapo walikuwa wameshaondoka pembeni mwa Kyiv, na Septemba wakakimbia sehemu kubwa ya mkoa wa Kharkiv. Bibi alikuwa anafuatilia. Nikamuuliza, mazungumzo yakianza, Urusi irudishe na sehemu nyingine ilizochukua? Alinitazama kama nimemtukana. "Turudishe? Basi mtoto wangu amekwenda kufanya nini?"

Sijawahi kulisahau swali lile. Bibi hakuwa anatetea serikali, na alishaniambia hana imani na wakubwa wote. Alikuwa anatafuta sababu ya kijana wake kulala kwenye handaki. Kadiri vita vinavyokwenda vibaya ndivyo watu kama yeye wanavyozidi kutaka viishe, na ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kwao kukubali kwamba ilikuwa bure. Tafiti zinasema hivyohivyo: wengi wanataka mazungumzo, na wengi haohao hawataki Urusi iachie kitu. Kwa hiyo Baba Mdogo, anayesema wamechoka amesema kweli, na anayesema hawajakubali kushindwa amesema kweli pia.

Kuhusu wananchi kumwondoa kiongozi, nitawasimulia Juni 24, 2023. Nilikuwa nimemaliza mitihani. Askari wa Wagner, jeshi la kukodiwa la Mrusi mmoja aitwaye Prigozhin, walikuwa wameasi, wameshika Rostov, na msafara wao unapita mkoani kwetu kuelekea Moscow. Ghala la mafuta la Voronezh liliwaka, nikaona moshi mweusi kutoka dirishani. Nilidhani nchi inapinduka. Nikashuka dukani. Watu walikuwa wananunua mkate, maji na sigara. Pale kwetu hakuna aliyetoka kuilinda serikali, wala hakuna aliyetoka kuwaunga mkono waasi. Walikuwa wanasubiri wajue bosi ni nani kesho yake. Usiku yakaisha kwa mapatano, na miezi miwili baadaye Prigozhin akafa kwenye ajali ya ndege. Kwa wale wanaongoja Warusi wajae barabarani kumwondoa kiongozi, mimi siku ile niliwaona walivyo.

Huku Leipzig nafanya kazi na mama mmoja kutoka Kharkiv. Mwanzoni nilimwogopa, kwa sababu Kirusi changu kina lafudhi ya Voronezh, na droni zinazopiga mji wake zinatoka upande uleule. Yeye ndiye aliyenianza kwa Kirusi, lugha aliyokua nayo. Mama yake amekataa kuhama, bado yuko Kharkiv, ghorofa ya saba, na lifti hufa kila umeme unapokatika. Nilimuuliza, Baba Mdogo: mazungumzo yatafika popote? Akasema anataka vita viishe leo, kabla hatujamaliza kunywa chai. Halafu akahesabu kwa vidole. Mwaka 1994 Ukraine iliachia silaha za nyuklia, na Urusi, Marekani na Uingereza zikaahidi kwa maandishi kuheshimu mipaka yake. 2014 Urusi ikaichukua Crimea. 2014 tena na 2015 ikatiwa sahihi mikataba ya Minsk ya kusimamisha mapigano. Kisha 2022. "Karatasi ninazo nyingi," akasema. "Nipe kitu ambacho si karatasi."

Na wao pia wamebadilika. Mwaka 2022 kampuni ya Gallup ilikuta asilimia 73 ya Waukraine wanataka kupigana mpaka washinde. Julai 2025 waliosema hivyo walikuwa asilimia 24, na asilimia 69 walitaka vita viishe kwa mazungumzo haraka iwezekanavyo. Msiisome namba hiyo kama watu waliosalimu amri. Yule mama yumo kwenye hiyo asilimia 69, lakini ukimwambia watoe mkoa mzima ambao jeshi la Urusi halijaweza hata kuuteka wote, anasimama na kuondoka mezani.

Baba Mdogo, wewe ulikuwa mgambo. Mwaka 1978 Amin alivamia, akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera ni ya Uganda. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaja na maneno ya usuluhishi. Mwalimu alitaka kwanza mvamizi alaaniwe, akataja uwezo, sababu na nia, nanyi mkaenda. Hakuna aliyekaa Ujiji akasema tumpe tu kipande hicho cha Kagera tupate amani. Najua Wasovieti walitusaidia, walisaidia wapigania uhuru wa kusini waliopitia kwetu, na heshima hiyo mnayoitunza naielewa. Lakini Ukraine nayo ilikuwa ndani ya Usovieti uleule, na Waafrika wengi walisomea Kyiv na Kharkiv. Siwaombi mhame upande. Naomba mnapowasikia Waukraine wakikataa masharti msiseme ni wakaidi.

Mazungumzo yenyewe yamekuwepo. Istanbul Machi 2022 walikaribia kuelewana, yakavunjika. Juni 2023 marais wa Afrika, Ramaphosa akiwemo, walikwenda Kyiv na St. Petersburg, wakarudi mikono mitupu. Mei 2025 Istanbul tena wakakubaliana kubadilishana wafungwa 1,000 kwa 1,000, na hilo lilitimia. Mama wa Kharkiv alilia siku ile, jirani yao alikuwa mmoja wa waliorudi. Agosti 2025 Putin na Trump walikutana Alaska, mapigano hayakusimama. Mwaka 2025 Urusi ilidai ipewe mikoa minne mizima ya Ukraine. Ukraine inataka ulinzi ambao utamzuia jirani asirudi baada ya miaka mitatu. Mpaka mambo hayo mawili yapate jibu, kila mkutano utazaa tu kubadilishana wafungwa na miili ya marehemu, na kwa familia zinazongoja hiyo si haba.

Wewe ndiye uliyenisimulia habari za Burundi. Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi Agosti 2000, Mandela akiwa mpatanishi baada ya Mwalimu kufariki, redio zikatangaza amani, na bado watu walikuwa wanavuka na magodoro kichwani kuja Kibondo na Kasulu, kwa sababu wenye bunduki wakubwa hawakuwa wametia sahihi. Kundi kubwa lilikubali 2003, jingine miaka mingine baadaye. Kigoma inajua umbali kati ya sahihi na mtu kulala usingizi. Mimi naona vita hivi vitaisha kwa mwendo huo, vipande vipande, na kuna vipande vitakavyovunjika njiani.

Shangazi, sasa zamu yako. Asiende.

Tangazo ulilonitumia linataka wasichana wa miaka 18 hadi 22, kazi ya hoteli na jikoni, mkoa wa Tatarstan. Huko kuna eneo la viwanda linaitwa Alabuga. Mwaka 2024 shirika la habari la AP liliandika kuhusu wasichana wa Kiafrika walioahidiwa kazi za namna hiyo, wakajikuta wanaunganisha droni za vita, wengine ngozi zikiunguzwa na kemikali. Na Aprili 2, 2024 droni ya Ukraine iliruka zaidi ya kilomita 1,000 ikapiga hosteli ya wafanyakazi kulekule. Nchi iliyokosa vijana wake kwa sababu ya vita hutafuta vijana wa wengine. Mtanzania mwenzetu aliyekuwa anasoma Moscow alifungwa, akaahidiwa msamaha akikubali kwenda vitani na Wagner, akauawa Ukraine Oktoba 2022. Mwili wake uliletwa nyumbani Januari 2023, na serikali yetu ilithibitisha. Alikwenda kusoma, Shangazi, kama mimi.

Najua utasema nami nilikwenda na nimetoka na shahada. Nilikwenda 2017. Nchi niliyoikuta siyo niliyoiacha siku bibi yule aliponisindikiza stesheni. Wiki iliyopita nilimpigia. Mjukuu bado yuko huko, waliochukuliwa 2022 hawajaruhusiwa kurudi nyumbani kwa kudumu. Presha yake haishuki, na safari hii hakufungulia redio tulipoongea. Aliniuliza tu kama huku nilipo nakula vizuri.

Mwambie binti anipigie Jumapili, mchana kwenu, nitakuwa mapumzikoni. Matokeo yake ya baiolojia ni mazuri. Ada ya mwaka wa kwanza wa chuo cha uuguzi naweza kuibeba nikilipa kwa awamu, na nimeshaanza kuweka. Pasipoti yake kaa nayo wewe.