Tangi la viputo la kwenye buti ya gari: kabla ya gundi, panga njia ya hewa

Ndugu yangu mwenye Toyota Fielder, umeuliza gundi gani itazuia tangi lako la viputo, lile pambo la maji linalopandisha viputo vya hewa, lisivuje, maana la kwanza limelowesha zulia lote la buti. Umeuliza pia kama waweza kutia samaki. Matangi haya nayatengeneza hapa Mombasa, mengi ya magari ya harusi na ya vijana wa muziki mkubwa, na mtu akiniambia tangi limevuja, kabla ya gundi namuuliza hewa inayoingia inatokea wapi.

Pampu yasukuma hewa chini ya maji bila kukoma. Ukiziba kifuniko kabisa, hewa hiyo itajikusanya juu ya maji mpaka ipate pa kupenya, na pa kupenya ni kwenye kiungo. Hata pampu ikiwa imezimwa, jua halijazimwa. Gari likiegeshwa Mwembe Tayari tangu asubuhi, vioo vimefungwa, musimu wa kaskazi, ndani joto laweza kupita nyuzi 60. Hewa iliyofungwa ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 60, shinikizo lake huongezeka kwa takriban asilimia 10, na mvuke wa maji unaongeza lake juu ya hapo. Asilimia 10 ni kama gramu 100 kwa kila sentimita ya mraba. Bamba la sentimita 90 kwa 40 lina sentimita za mraba 3,600, kwa hiyo ni sawa na kilo 360 zinazolisukuma bamba moja. Hakuna gundi ya kuwekea dhamana hapo.

Na ukiacha tundu wazi juu ya kifuniko, kila tuta la barabarani litakurushia maji, na mvuke utatia kutu kila waya ulio karibu.

Njia ninayoiamini ni kuizungusha hewa ile ile. Tafuta pampu ya volti 12 yenye midomo miwili, wa kuvuta na wa kusukuma. Ivute hewa kutoka juu ya tangi, iirudishe chini. Kati ya tangi na mdomo wa kuvuta weka kichupa chenye sponji cha kunasa matone, na kutoka kwenye kichupa hicho toa mpira mwembamba wa milimita 4. Upandishe mpaka juu kabisa ya tangi, kisha uushushe utokee chini ya gari kupitia kizibo cha mpira kwenye shimo la tairi la akiba. Mpira huo ndio pumzi ya tangi: joto likipanda hewa yatoka, usiku yarudi. Maji hupungua polepole sana kwa mpango huu.

Pampu yenyewe ikae juu ya usawa wa maji, na kila mpira unaoshuka tangini uwe na valvu ya kuzuia maji yasirudi. Zulia nyingi nilizoona zimelowa, viungo vya tangi vilikuwa vizima kabisa. Pampu ilizimwa, maji yakajivuta yenyewe kupitia mpira mpaka kwenye pampu iliyolala chini ya kiti, yakamwagikia huko. Kagua hilo kwanza kabla hujabomoa la kwako.

Sasa umbo. Lipange kwa upana wa gari, nyuma ya viti, liwe jembamba: sentimita 90 upana, 40 kwenda juu, 5 unene. Jaza maji sentimita 30 tu. Ni kama lita 13 na nusu, yaani kilo 13 na nusu, mzigo ambao Fielder haiuhisi. Zile 10 za juu utazificha kwa fremu. Ndani ligawe vyumba vitatu kwa vibamba vya kusimama vinavyoishia sentimita 2 chini ya kifuniko. Kwenye kona kali ya ghafla, maji ya tangi lisilogawanywa la sentimita 90 yaweza kupanda sentimita 22 upande mmoja na kugonga kifuniko. Katika chumba cha sentimita 30 yatapanda kama 7 na nusu, na nafasi unayo. Vibamba hivyo pia vinashikana na bamba la mbele na la nyuma, basi mabamba hayatatuna katikati. Bamba la unene wa milimita 8 linatosha.

Tumia akriliki, ile plastiki angavu kama kioo, wengine huiita pasipeksi, na uwaombe mafundi wa mabango wakukatie kwa mashine ili kingo ziwe wima. Kioo cha kawaida usikitie ndani ya gari lenye abiria, kikivunjika ni visu. Silikoni nayo haishiki akriliki vizuri, hata ile ya matangi ya samaki. Yashika kioo. Kwenye akriliki utaibandua kwa ukucha baada ya miezi michache ya mtikisiko.

Kinachounganisha akriliki ni kiyeyushi, dikloromethani, au klorofomu ambayo mafundi wengi wa mabango wanayo. Hiki kinayeyusha kingo zote mbili zikawa kitu kimoja. Piga kingo msasa laini wa maji juu ya kioo bapa mpaka bamba lisimame lenyewe bila mwanga kupenya chini yake. Usizing'arishe kwa moto, kingo zilizochomwa zikiguswa na kiyeyushi hupata nyufa. Shikilia mabamba kwa utepe, vuta kiyeyushi kidogo kwa bomba la sindano, kisha gusisha ncha kwenye pembe na usukume taratibu. Utakiona kinakimbia chenyewe ndani ya kiungo, na ule weupe wa msasa unageuka kuwa angavu kadiri kinavyopita. Palipobaki peupe au pana kiputo ndipo patakapovuja, rudia papo hapo kabla hapajakauka. Fanya kazi hii nje, upepo ukikutoka mgongoni, maana mvuke wake una sumu. Gusa kiungo baada ya saa 24, lakini maji yasubiri siku tatu au nne.

Kulijaribu, lisimamishe juu ya gazeti, lijaze, kisha pitisha karatasi laini ya chooni kwenye kila kiungo. Unyevu ambao kidole hakiuhisi, karatasi itauonyesha. Kabla ya kulifunga, likae nje ya gari usiku kucha na pampu ikiwaka.

Kulifunga ndani, usitoboe tangi hata skrubu moja. Fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya vyuma vya pembe, uivike mpira ndani, na uache nafasi ya milimita 3. Akriliki ya sentimita 90 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka karibu milimita 2, na chuma chake hakifiki hata nusu milimita. Fremu ikibana, tangi litajipasua lenyewe.

Viputo: kila chumba kiwe na bomba lake la chini, matundu ya milimita 1 kila sentimita 2, na koki yake ndogo. Hewa hutafuta pepesi. Bomba moja refu likiinama kidogo tu, kama unapoteremka kupanda feri Likoni, viputo vyote hukimbilia ncha ya juu. Glisirini kidogo hupunguza mbio za viputo. Sabuni kamwe, itakuwa povu tupu.

Maji ya kisima ya huku kwetu mengi ni ya chumvi, yanaacha ukoko mweupe. Nunua yale safi ya kuongezea betri, na hakikisha si asidi, kwa sababu madumu yanafanana. Tia matone machache ya Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, yasiote kijani. Rangi iwe ya taa, si ya maji. Kwa kusafisha, kitambaa laini na maji ya sabuni kwa nje. Spiriti, thina na dawa za vioo zenye amonia hufanya nyufa nyembamba zisizofutika.

Waya chukua kutoka betri, fyuzi iwe karibu kabisa na betri, na swichi ifuate funguo ili pampu isikae usiku ikinyonya. Viungo vya waya vichomelewe kwa risasi na kuvikwa mpira wa kusinyaa. Waya wa kusokota na selotepu, chumvi ya hewa yetu itaula.

Na samaki, tafadhali usiweke. Maji yale yanapata joto ambalo samaki hastahimili, ametikiswa mchana kutwa, hana pa kukimbilia.